Likizo ya uzazi: siku zako zihesabu mapema

Tangu marekebisho ya mwaka 2025 ya sheria za kazi za Tanzania, mama aliyejifungua njiti anaongezewa likizo kufidia muda uliobaki hadi wiki 40 za ujauzito. Wengi wanatuulizia nyongeza hiyo. Kinachosikitisha ni kwamba baadhi yao hata siku za msingi hawajapewa zote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inatoa siku 84 zenye malipo, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Mama wa mapacha akiambiwa "siku ni zilezile", amepunjwa. Wala likizo hii haimezi likizo ya mwaka. Tumelisema hili mara nyingi, na bado kuna waajiri wanaokata siku 28 humohumo. Sheria imekataza. Akirudi kazini, anayenyonyesha ana hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba naye ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Mjamzito anatakiwa kumtaarifu mwajiri walau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha cheti cha daktari. Andika barua nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. "Bosi aliliona tumbo" siyo taarifa, tafadhali.

Mwaka jana alinijia mama na kichanga mgongoni. Barua ya kuachishwa kazi ilikuwa imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Alishauriwa na wakubwa wa nyumbani amalize kwanza arobaini. Alipotoka, siku 30 za kuwasilisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) zilikuwa zimekwisha.

Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si halali, lakini siku 30 zinahesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, uwe kitandani au la. Madai mengine, kama malipo ya likizo, yana siku 60. Unajaza fomu ya mgogoro, CMA F1, unampelekea mwajiri nakala, kisha unaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Usuluhishi unapewa siku 30. Ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi. Aliyechelewa anaambatanisha fomu CMA F2, ya kuomba kusamehewa kuchelewa, yenye sababu na vielelezo: kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Kila ombi linapimwa kwa hoja zake, kwa hiyo siwezi kumwahidi mtu kwamba litakubaliwa.

Yule mama tulimjazisha F2 siku hiyohiyo, mtoto akinyonya. Angeweza kuepuka yote hayo, maana mzazi asiyeweza kutoka ndani si lazima aje mwenyewe: fomu inaweza kutiwa saini na kuletwa na mwakilishi wake, awe kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wakili au mtu aliyemchagua.