Ibada ya kila siku kwa watoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wazazi wengi wa Masasi, Nachingwea, Newala na Mtwara mjini wanatamani watoto wao wasali na kusoma Neno kila siku. Wanaanza Januari kwa moyo wote, lakini Pasaka inafika ibada imeshakufa na mtoto ndiye anayelaumiwa kuwa mvivu. Mara nyingi mtoto hana kosa. Kilichoiua ni dhana ambazo watu wazima walianza nazo.

“Ibada ya kweli ni ya alfajiri”

Danieli alisali mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Saa nzuri ni ile ambayo nyumba yenu inaiweza mwaka mzima. Oktoba hadi Desemba korosho zinaokotwa: watu wazima wanawahi shambani kabla ya jua kali, mwanafunzi naye anawahi namba shuleni. Nani atakaa naye alfajiri hiyo?

Jioni nayo ina mtego wake. Mkisubiri hadi baada ya kula, wa miaka mitano keshalala kwenye mkeka. Nafasi inayodumu ni kati ya kuoga na kupakua chakula. Wala msimwambie mtoto “saa moja na nusu”, mwambieni “tukishaoga”. Saa huchelewa na umeme hukatika, lakini kuoga kupo kila siku, na mtoto akishaoga anakumbuka mwenyewe kinachofuata. Wakatoliki wanaijua nguvu hiyo kwa kengele ya Malaika wa Bwana: inalia asubuhi, adhuhuri na jioni, mtu anasali sala fupi kisha anaendelea na shughuli zake.

“Ibada fupi ni mzaha”

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, dakika 3 hadi 5 zinatosha. Wa miaka 6 hadi 9 anaweza dakika 10. Kuanzia miaka 10, dakika 15 ni nyingi tayari. Dakika 10 zigawanywe hivi: wimbo wa ubeti mmoja, kusoma mistari 6 hadi 10, polepole, maswali mawili (nani yumo humu? Amefanya nini?), kisha kila mtoto anasali sentensi moja, ya shukrani au ya kuomba, na mnamaliza na Baba Yetu.

Kinachoharibu mpango huu ni baba kuunganisha mahubiri baada ya maswali. Ukiona mdogo anachezea ukingo wa mkeka, muda umekwisha. Fungeni siku hiyo wakiwa bado wanataka kuendelea, kesho hamtawaita mara mbili.

“Tuanze Mwanzo, tufike Ufunuo”

Mwanzo una hadithi tamu, na nusu ya kwanza ya Kutoka vilevile. Halafu vinakuja vipimo vya hema, kisha Walawi, na hapo ndipo mipango mingi hukwama. Anzeni na Marko. Ni Injili fupi kuliko zote, sura 16, na mambo yake yanakwenda mbio. Msisome kwa sura. Fuateni vichwa vidogo vya habari vilivyomo kwenye Biblia yenyewe, kimoja kwa siku.

Marko 2:1-12, watu wanatoboa paa wamshushe mgonjwa. Waacheni watoto waigize, wanne wabebe khanga na mmoja alale ndani yake. Marko 4:35-41, mtoto wa Mikindani au Msimbati hahitaji kuelezwa mawimbi yanaingiaje chomboni. Muulizeni kwa nini Yesu alikuwa amelala, halafu nyamazeni mmsikilize. Ukimya wa watu wazima hapo una faida kuliko maelezo yao.

Marko ikiisha, nendeni Zaburi fupi: ya 117 ina mistari 2, ya 23 ina 6, ya 121 ina 8. Hizo ndizo za kukariri, mstari mmoja kwa wiki, na mtoto aueleze kwanza kwa maneno yake kabla ya kuushika kichwani. Kuhusu lugha: Biblia ya Union Version ya 1952 ina “enenda” na “akanena” zinazomkwaza wa darasa la pili. Biblia ya Habari Njema ni rahisi kwake. Ile ya zamani ataizoea kwa kuisikia kanisani.

“Ibada ni mahali pa kumnyoosha mtoto”

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote. Mama anafumba macho na kusema, “Ee Bwana, msaidie huyu mtoto aache kudokoa sukari,” ndugu zake wakiwa wanasikia. Kwa mtoto hiyo ni baraza la mashtaka, na Mungu ameitwa kuwa shahidi upande wa mama. Wengine huwapigisha watoto magoti wasome Zaburi kwa kuchelewa kurudi kutoka kisimani. Mtoto huyo akienda bweni kidato cha kwanza, mahali pasipo na wa kumsimamia, anaiacha Biblia pamoja na fimbo.

Kosa lizungumzwe mapema, faraghani, likaishe huko. Kwenye ibada mzazi atubu la kwake, kwa sauti na kwa ufupi: “Bwana, leo nimemjibu mwenzangu kwa hasira, nisamehe.” Mtoto hujifunza toba kwa kumsikia mkubwa akitubu. Na anayecheka wakati wa sala apewe kazi: ashike taa, achague wimbo, afungue ukurasa.

“Lazima mtu msomi aongoze, tena kwa Kiswahili safi”

Imani ya Timotheo ilipitia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Bibi asiyesoma anaweza kuongoza: mjukuu wa darasa la nne anasoma, bibi anauliza. Sala ya Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera ni sala kamili. Watoto wakipelekwa kijijini likizo ya Juni au Desemba, waandikieni vifungu saba kwenye karatasi moja, wavirudie kila wiki, na mwambieni bibi mapema kwamba karatasi inakuja.

“Mafundisho ya Jumapili yanatosha”

Kumbukumbu la Torati 6:7 inawaagiza wazazi wenyewe: nyumbani, njiani, kulala na kuamka. Mwalimu wa Jumapili anapata saa moja kwa wiki. Kusubiri komunyo ya kwanza au kipaimara ni kumwachia kazi hiyo mtu mwingine.

“Tukiruka siku, tumeshindwa”

Msiba upo, homa ipo, na siku ya kupeleka korosho ghalani watu wanarudi usiku wamechoka. Siku kama hizo fanyeni ya dakika moja, hata mkiwa njiani: mstari wa wiki na Baba Yetu. Msiporuka siku mbili mfululizo, mazoea yanashika. Zikipita tatu, anzeni kesho na kifungu kinachofuata. Msisome vitatu kwa mpigo kulipa deni, maana hapo ibada inakuwa ndefu tena na watoto wataanza kuikimbia.