Mwaka 1572: utenzi wa Kireno uliosimuliwa Malindi

Ninapofundisha fasihi ya Ulaya ya karne ya 16, huanza na mwaka 1572, ingawa wanafunzi wengi hutarajia nianze na Shakespeare, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minane. Wasomi wa zama zile waliamini kwamba lugha ya nyumbani haiwezi kusimama pamoja na Kigiriki na Kilatini mpaka ipate utenzi wa kishujaa wa kulinganishwa na zile za Homer na Virgil. Ureno na Ufaransa zilijaribu kuwania heshima hiyo mwaka huo huo, kila moja kwa njia yake.

Jaribio la Ureno ni Os Lusíadas ya Luís de Camões, iliyochapwa Lisbon na António Gonçalves. Ina sehemu kumi na beti 1,102, kila ubeti ukiwa na mishororo minane: sita ya mwanzo hupokezana vina viwili, na miwili ya mwisho hufunga kwa kina chao wenyewe. Kabla ya kuchapwa ilipita mikononi mwa Bartolomeu Ferreira, mkaguzi wa mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi, naye akairuhusu miungu ya kipagani ibaki humo kwa kuwa, kwa maoni yake, ilikuwa ubunifu wa kishairi tu. Uamuzi huo ulikuwa na uzito, kwani bila Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na Bacchus, mungu wa divai, kisa chote kingeporomoka.

Kisa chenyewe ni safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498, nacho hakianzii Lisbon. Tunapoziona merikebu kwa mara ya kwanza tayari zimo katika maji ya Msumbiji. Bacchus, asiyetaka Wareno wafike India, anawachochea watu wa pwani dhidi yao. Huko Mombasa anajigeuza kasisi wa Kikristo mbele ya altare ya uongo, na wajumbe wa Gama wanadanganyika. Merikebu zinapokaribia kuingia bandarini, Venus na mabinti wa baharini wanazisukuma nyuma kwa vifua vyao.

Ndipo tunafika Malindi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi darasani. Mfalme wa Malindi anamwomba mgeni wake aeleze nchi yake na safari yake, na jibu la Gama linajaza sehemu ya tatu, ya nne na ya tano: historia ya wafalme wa Ureno, kuagana na jamaa Lisbon, na jitu Adamastor linaloilinda Rasi ya Tumaini Jema. Camões anafuata kielelezo cha Virgil, ambaye shujaa wake Aeneas anamsimulia malkia Dido wa Carthage anguko la Troy. Malindi, basi, imepewa nafasi ya Carthage, na historia ya Ureno inamfikia msomaji kwa kupitia masikio ya mtawala wa mwambao wetu. Hata hivyo nafasi hiyo ina mipaka, kwa sababu akishauliza, mfalme hunyamaza kwa sehemu tatu nzima. Mtawala halisi wa Malindi alikuwa na hesabu zake: alikuwa mshindani wa Mombasa na alihitaji mshirika mwenye mizinga. Katika utenzi, siasa hiyo ya miji miwili imegeuzwa kuwa tofauti kati ya ukarimu na hila, jambo ambalo naliona kuwa udhaifu mkubwa wa shairi zuri. Camões hakuijua pwani hii kwa kusoma tu, maana kabla ya kurejea Lisbon mwaka 1570 alikwama katika Kisiwa cha Msumbiji, ambako rafiki yake Diogo do Couto alimkuta akiishi kwa msaada wa wenzake.

Jaribio la Ufaransa halikufika mbali. Pierre de Ronsard alitoa vitabu vinne vya La Franciade, utenzi kuhusu asili ya wafalme wa Ufaransa, mnamo Septemba, wiki chache baada ya mauaji ya Waprotestanti yaliyoanza Paris tarehe 24 Agosti, ambamo mwanafalsafa Petrus Ramus naye aliuawa. Ni vigumu kufikiria wakati mbaya zaidi wa kuusifu ukoo wa kifalme. Lakini kasoro kubwa ilikuwa ndani ya kazi yenyewe: shujaa wake, Francus mwana wa Hector, shujaa wa Troy, ni mtu wa kubuni asiye na mizizi katika kumbukumbu za Wafaransa, ilhali Camões alikuwa na safari ya kweli iliyopita miaka 74 tu.

Washairi wote wawili waliwaandikia wafalme vijana. Charles IX wa Ufaransa alifariki mwaka 1574 akiwa na miaka 23, na Ronsard akaiacha kazi yake bila kuimaliza. Sebastião wa Ureno alimpa Camões malipo ya réis 15,000, sarafu ya Ureno ya wakati huo, kwa mwaka. Beti za mwisho za Os Lusíadas zinamhimiza mfalme huyo akapigane Moroko. Alikwenda mwaka 1578, akauawa huko Alcácer Quibir akiwa na miaka 24 na bila mrithi, na miaka miwili baadaye taji la Ureno likachukuliwa na mfalme wa Hispania.