Busti: sifuri ya geji ni hewa ya wapi?

Tairi limelala chini kabisa, kijana wa kituo cha petroli anachomeka geji na mshale unabaki kwenye sifuri. Je, ndani ya tairi hamna hewa? Imo. Imo hewa ya Malindi, ile ile tunayoivuta puani, nayo kwa kuwa tuko usawa wa bahari inasukuma kila kitu kwa psi 14.7 hivi (psi ni pauni kwa kila inchi ya mraba). Geji haiihesabu kwa sababu nje nako iko hiyo hiyo. Inahesabu ziada tu. Ukiambiwa tairi lina upepo wa 32, ni 32 juu ya hewa ya nje.

Ziada hiyo ikiwa ndani ya injini, kwenye manifoldi inayogawa hewa kwa silinda, mafundi huiita busti.

Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe, na haiwezi kupata zaidi ya iliyopo nje. Yenye turbo au supachaja hulishwa kwa nguvu. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe, ndiyo maana huitika mara tu ukikanyaga mafuta. Lile neno KOMPRESSOR nyuma ya baadhi ya Mercedes C200 maana yake ni hiyo: chini ya boneti mna supachaja. Nimewahi kumsikia mtu akisema ni ya eesi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Busti si nguvu ya gari. Ni hewa iliyosongamana kwa kukosa pa kupita. Tazama mlango wa msikiti Ijumaa: ule msongamano haukwambii watu wangapi wameingia, unakwambia mlango ni mwembamba kuliko umati. Upanue, watu watapita wengi zaidi na mabega hayatagusana. Vivyo hivyo mtu akifunga ekzosi pana, injini ikapumua vizuri, busti inaweza kushuka kidogo huku gari likienda kwa kasi zaidi. Akiona mshale umeshuka anakimbilia gereji kulalamika.

Geji nyingi za busti zina upande wa pili, kushoto mwa sifuri, ambao hupimwa kwa inchi za zebaki. Huo ni mvuto. Mafundi husema vakyumu. Injini ya petroli ikinguruma bila kukanyagwa, kile kilango cha hewa huwa karibu kimefungwa, kwa hiyo silinda hunyonya na mshale hukaa mara nyingi kati ya 17 na 21. Mimi huutazama upande huu kuliko ule wa busti. Mshale ukitetemeka hapo, huenda kuna valvu au mpira unaovuja.

Jirani yangu, ambaye gari lake lina supachaja, alijifungia geji ya busti mwenyewe Jumamosi moja, na kazi ya waya aliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Alifungua kwanza terminali hasi ya betri. Waya wa moto aliuunga kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, si moja kwa moja kwenye betri, la sivyo angelikuta betri imekufa. Waya wa taa aliuunga na taa za pakingi. Wa athi, ule wa kurudisha umeme, aliukaza kwenye chuma cha gari, akakwangua rangi kwanza, kisha akapaka grisi juu, maana chumvi ya bahari hapa kwetu hugeuza shaba kuwa unga wa kijani kabla hujasahau bei uliyonunulia. Kupitia ukuta wa injini alitumia tundu la zamani lenye raba, ili makali ya bati yasikate kitu.

Kosa lilikuwa kwenye mpira unaoipelekea geji hewa ya manifoldi. Aliwasha gari, mshale ukasimama kwenye 20 za mvuto. Akakanyaga, haukusogea. Akaja kwangu jasho linamtiririka: "Yakhe, supachaja imekufa." Alikuwa tayari anauliza bei ya nyingine Mombasa.

Nilifungua boneti. Kiungo cha T, kinachounga mpira wa geji na mpira mwingine, alikiingiza kwenye mpira mnene wa busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga breki kwa kutumia mvuto, baada ya valvu ya upande mmoja. Valvu hiyo huruhusu hewa itoke kwenye busta na haiiruhusu irudi, ili breki zibaki laini hata injini ikizimika. Mvuto huingia na kufungiwa humo. Busti haipiti kamwe. Geji ilikuwa inasoma chumba kilichofungwa. Isitoshe, mpira wa breki si wa kuchezewa.

Tuliweka mpira wa breki mpya mzima mahali pake, tukahamia mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye rigyuleta ya petroli, yaani kidhibiti cha presha ya petroli. Tuliukata kwa wembe, tukachovya ncha zake kwenye kikombe cha maji moto ya chai hadi zikalainika, zikavaa T bila kupasuka, tukakaza kwa klipu. Pale darajani Sabaki, njia ya Mambrui, alikanyaga mafuta yote na mshale ukapanda hadi 7.

Wiki mbili baadaye alisafiri Nairobi, akanipigia: mshale unaishia 6, kuna kinachovuja? Hakuna. Supachaja ya mkanda huzidisha hewa inayoikuta. Hapa inakuta 14.7 na kuifikisha 21.7, karibu mara moja na nusu. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, inakuta kama 12, inaifikisha 18 hivi, na ziada inabaki 6. Sifuri yake kule ni hewa ya Nairobi. Nikamwambia ile moja ameiacha Malindi, ataikuta akirudi.