Tangazo la Lincoln halikufuta utumwa wote
Wengi tumefundishwa kwamba Rais Abraham Lincoln alikomesha utumwa Marekani kwa saini moja kwenye Tangazo la Ukombozi, tarehe 1 Januari 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tangazo lenyewe lina mipaka mingi: lilihusu maeneo yaliyoasi tu, likaziacha Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, ambazo zilikuwa na watumwa lakini hazikujitenga, na hata New Orleans, iliyokwisha kutwaliwa na majeshi ya serikali, haikuguswa. Sababu ilikuwa ya kisheria, kwani Lincoln alitumia mamlaka ya amiri jeshi mkuu, yaliyomruhusu kumpokonya adui nguvu kazi, si kufuta sheria za majimbo tiifu.

Wanaodai kwamba halikumkomboa mtu yeyote wanapotoka vilevile, pengine zaidi. Kwenye visiwa vya pwani ya South Carolina, maelfu walikuwa huru siku ileile, na jeshi likafunguliwa kwa wanaume weusi, ambao walifikia takriban 180,000. Lincoln, akihofia amri ya vita kubatilishwa mahakamani, alilihimiza Bunge kupitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kufuta utumwa nchi nzima, Januari 1865. Yaliidhinishwa na majimbo Desemba, miezi minane baada ya yeye kuuawa.