Umri wa Chupa za Kale za Soda: Yanayoaminiwa na Ukweli Wake

“Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ndio mwaka ilipotengenezwa”

Kosa hili ndilo linalowatia hasara wanunuzi wengi. Chukua chupa ya Coca-Cola yenye maandishi PAT'D DEC. 25, 1923. Muuzaji ataiita “ya 1923” na bei itapanda hapo hapo. Lakini hiyo ni tarehe ya hataza, yaani siku Marekani ilipotoa hati ya kulinda umbo la chupa. Hataza ile ilikuwa ya miaka 14, na nyingine, D-105529, ikatolewa Agosti 1937. Chupa zenye maandishi ya 1923 zilianza kutoka viwandani mwishoni mwa miaka ya 1920, na nyingi ni za miaka ya 1930. Ndivyo ilivyo pia kwa NOV. 16, 1915: umbo lilibuniwa katika kiwanda cha Root Glass, mjini Terre Haute, Indiana, lakini chupa zenyewe ziliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Tarehe ya hataza inathibitisha jambo moja tu: chupa haikutengenezwa kabla yake.

Jina la mji lililo kitakoni nalo lisikupoteze. Huo ni mji wa kampuni iliyokuwa ikijaza soda, na kiwanda cha chupa huenda kilikuwa mbali kabisa.

“Mstari wa kalibu ukipanda juu zaidi shingoni, chupa ni mpya zaidi”

Mstari huu huachwa na maungio ya kalibu, yaani chombo cha kutolea umbo la chupa. Imani hii imeenea mno, na si kweli. Chupa iliyopulizwa kwa kinywa ilimaliziwa mdomo baada ya kutoka kwenye kalibu: fundi aliupasha moto tena, kisha akazungusha kifaa chake mdomoni, na mstari ukafutika. Ulifutika hadi wapi? Hapo ilitegemea moto na mkono wa fundi, kwa hiyo chupa mbili za siku moja zinaweza kutofautiana.

Cha kutazama ni mdomo wenyewe. Pitisha ukucha kutoka begani hadi juu. Mstari ukivuka mdomo mpaka ukingoni, chupa ni ya mashine. Mashine ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, ilianza kutumika viwandani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo chupa ya soda yenye mstari huo kwa kawaida si ya karne ya 19.

Sasa geuza kitako. Mashine ya Owens iliacha kovu la duara lenye kingo zilizochanika kama manyoya, mara nyingi likiwa limeegemea upande mmoja. Wengi hulidhani ni kovu la fimbo ya kushikia chupa ya moto. Kovu la fimbo hukaa katikati, na fimbo ya chuma huacha masalia mekundu au meusi. Kwenye chupa za soda ni alama ya katikati ya karne ya 19. Ukiyachanganya makovu haya mawili, umekosea kwa zaidi ya nusu karne.

“Zambarau ni dalili ya ukale”

Kioo hugeuka zambarau kwa sababu kilitiwa madini ya manganizi ili kisiwe na rangi, kisha kikapigwa na jua kwa muda mrefu. Chupa nyingi za namna hiyo ni za kati ya miaka ya 1880 na Vita vya Kwanza vya Dunia. Zambarau iliyokolea sana itilie shaka: kuna watu wanaopitisha chupa kwenye mionzi ili wauze ghali.

Viputo ndani ya kioo havipimi umri.

“Chupa yenye gololi shingoni lazima iwe ya zama za Malkia Victoria”

Hiram Codd aliibuni Uingereza miaka ya 1870, ni kweli, lakini India na Japani bado wanauza soda kwenye chupa za gololi. Mdomo wa kizibo cha bati una mwanzo unaojulikana: hataza ya William Painter wa Baltimore, 1892.

“Namba ya kitakoni ni mwaka”

Si kila namba. Kwenye chupa za Owens-Illinois, kampuni ya vioo iliyoundwa 1929, tafuta almasi iliyopitana na umbo la yai lenye herufi I. Namba ya kushoto ni ya kiwanda, ya kulia ni mwaka, ya chini ni ya kalibu. Shida ni kwamba mara nyingi mwaka uliandikwa kwa tarakimu moja: 4 yaweza kuwa 1934 au 1944. Likiwepo neno Duraglas, chagua 1944, maana neno hilo lilianza kutumika 1940. Alama zikiwa hafifu, zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, au paka unga wa chaki kisha ufute juu juu. Chaki itabaki pembezoni mwa herufi.