Chemba inayofurika siyo iliyoziba

Chemba ya majitaka ikifurika Kariakoo, wengi huanza kuchokoa hiyohiyo. Kazi bure: kwa kawaida maji hupanda kwa sababu bomba limeziba mbele, upande wa mteremko. Fungua chemba zinazofuata, mojamoja, hadi uikute isiyojaa. Kizuizi kiko kati yake na ile ya mwisho iliyojaa. Zibua kwa fito kuanzia hiyo isiyojaa, ukiwa juu. Usishuke kamwe, gesi ya humo huua, na ikizidi pua haiisikii tena. Hutoka mafuta ya kupikia yaliyoganda, matambara na mchanga, ambao huweza kuletwa na wanaofunua mifuniko ili maji ya mvua yaingie. Pakiziba tena palepale, pitisha kamera: huenda bomba limebonyea au mizizi imeingia.