Shimo la Kale Halina Dhahabu ya Mjerumani

Dodoma katika miaka ya karibuni imefukuliwa kila upande: Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, na bomba la mafuta ghafi linalokatiza Kondoa na Chemba. Katika kazi za namna hii, doa jeusi la duara likionekana kwenye udongo mwekundu, uvumi hufika kabla ya wanaakiolojia. Doa hilo mara nyingi ni mdomo wa shimo la kale lililojaa. Hizi ni dhana zinazosikika juu yake, na majibu yake.

"Wajerumani walificha mali hapa."

Dhana hii ndiyo imeleta hasara kubwa kuliko zote. Hata kwenye miamba yenye michoro ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wasaka mali ya Mjerumani wamechimba na kuvuruga tabaka za kale. Shimo la kale kwa kawaida lina majivu, mkaa, mifupa iliyopasuliwa ili kutoa uboho, vigae vya vyungu, vipande vya kwatzi (jiwe gumu la kuchonga zana) na pengine mavi ya chuma, yaani takataka za kufua chuma. Kwa kifupi, ni jalala. Huwezi kuliuza, ila linaeleza watu walikula nini na walifua chuma au la, mradi kila kitu kipimwe kikiwa pale kilipolala.

"Kilicho chini zaidi ndicho cha zamani zaidi."

Kwenye tabaka zilizotulia, sawa. Kwenye shimo, hapana. Anayechimba shimo la mita moja anakata tabaka zilizokuwapo kabla yake, kwa hiyo kigae kilicho kwenye sakafu ya shimo kinaweza kuwa kipya kwa maelfu ya miaka kuliko jiwe lililochongwa lililo kina kilekile, sentimita kumi tu nje ya ukuta. Asiyeuona ukuta huo huchanganya zama mbili kwenye mfuko mmoja.

Ndiyo maana shimo huchimbwa nusu kwanza. Kamba hupigwa katikati, nusu moja inatolewa kwa mwiko, tabaka baada ya tabaka, na udongo wake unapitishwa kwenye chekeche la tundu za milimita 5. Ukuta wa kati ukishabaki wima, unapigwa picha na kuchorwa kwa kipimo cha 1:10. Hapo ndipo husomwa lilivyojaa: tabaka nyembamba zilizobonyea katikati ni kazi ya mvua na upepo kwa misimu mingi, mabonge ya rangi mchanganyiko yanaonyesha lilifukiwa kwa mkupuo. Nusu ya pili hufuata baadaye. Ukilizoa lote kwa mara moja, ushahidi huo umekwenda na haurudi. Tahadhari na mchwa: njia zao, pamoja na mizizi iliyooza, hushusha punje ya mtama ya juzi hadi sakafuni.

"Mkaa wowote unatosha kupima umri."

Kipimo cha kaboni hueleza lini sehemu hiyo ya mmea iliacha kukua. Lini moto uliwashwa ni swali jingine. Mkaa wa kiini cha mti mkubwa unaweza kuongeza mamia ya miaka. Punje ya uwele au mtama iliyoungua ni bora, kwa kuwa ni ya msimu mmoja. Kuzipata, lita 20 hadi 40 za udongo hukorogwa majini na vinavyoelea hunaswa kwenye wavu wa takriban milimita 0.3. Sampuli ifungwe kwenye karatasi ya alumini, bila pamba wala karatasi ya kawaida, maana hizo nazo zina kaboni.

"Mitambo hairuhusiwi."

Inatumika sana. Mtambo wa kijiko (ekskaveta) hufungwa ndoo isiyo na meno, kikaparua sentimita 5 hadi 10 kwa mpito, kikirudi nyuma ili kisikanyage palipofunguliwa, huku mwanaakiolojia akiwa kando akitazama rangi. Jua la Dodoma hukausha udongo na doa likafifia upesi, basi sehemu hiyo inyunyiziwe maji kidogo na kuwekewa alama papo hapo.

"Ni kaburi."

Mara nyingi si kaburi. Mifupa ya binadamu ikionekana, kazi isimame, polisi na wazee wa eneo waitwe.

"Ujenzi utasimama moja kwa moja, eneo limechukuliwa."

Kwa kawaida shimo huchimbwa, hurekodiwa, na mradi huendelea. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na majengo au kazi za ardhini za kabla ya 1886. Aliyegundua anatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa, na kuchimbua bila leseni ni kosa. Gharama kubwa humpata mkandarasi aliyeficha kisha akagunduliwa nguzo zikiwa zimeshasimama. Ukaguzi ukifanywa wakati wa tathmini ya mazingira, ratiba hupangwa mapema.

"Vigae vioshwe kwanza, ving'ae."

Visioshwe vyote. Chungu kisicho na rangi ya kung'arisha hunyonya mafuta ya nyama au maziwa yaliyopikwa ndani yake, na maabara huweza kuyatambua. Vichache viachwe na udongo wake, visishikwe kwa mikono mitupu, vifungwe kwa karatasi ya alumini badala ya plastiki.